MJADALA: Binti wa miaka 16 akienda zahanati kuulizia uzazi wa mpango, mzazi lazima ajulishwe?

Mleta mada

Wanajamvi, kwenye kikao cha wazazi shuleni kwa binti yangu, hapa Tanga, baba mmoja alisimama akataka zahanati zikatazwe kumhudumia mtoto asiyefuatana na mzazi. Makofi yakarindima. Mwalimu akauliza ni nani kati yetu amewahi kuongea na mwanawe kuhusu mimba. Ikanyooshwa mikono ya kuhesabu, mmoja wa bibi kizee.

Mimi nasema mzazi ashirikishwe nyumbani na shuleni, mapema, ila idhini yake isiwe ndiyo ufunguo wa zahanati.

Tusijidanganye kuhusu mila pia. Huku pwani mama hakuwa mwalimu wa mambo haya. Binti akivunja ungo alikabidhiwa kwa somo yake au kungwi, akafundwa, na mama akabaki na heshima yake. Mvulana alikwenda jandoni. Siku hizi somo tumemtoa, nafasi yake hatujampa mtu, simu ndiyo inayofunda. Halafu mama aliyelelewa kwa kunyamaza tunamtaka aamke kesho awe kungwi!

Utafiti wa afya wa taifa wa 2015/16 ulikuta asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshazaa au ni wajawazito. Ule wa 2022 ukakuta asilimia 22. Imepungua, lakini bado ni zaidi ya mmoja kwa kila watano.

Na hiyo idhini ya mzazi tunaijua. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa mzazi akikubali. Mahakama Kuu ikasema 2016 kwamba hilo linakwenda kinyume na Katiba, Mahakama ya Rufani ikaunga mkono 2019. Saini ya baba iliwaoza wengi.

Nawasilisha.

Baba Watatu

Mkuu, unatuzunguka. Shule ikimpeleka mtoto Bagamoyo kuangalia magofu tu, nasaini fomu. Kijiti cha kuzuia mimba kinakaa mkononi miaka mitatu hata mitano, nisijue? Akitokwa damu mwezi mzima nani anamuuguza, si mimi? Na huyo jamaa anayemchezea mnamwachia apete. Aliye chini ya miaka 18 sheria inasema amebakwa, na kifungo ni miaka 30. Nisipoambiwa nitamshtaki nani?

Nesi wa Zamu

Kwenye damu una hoja, tena nzito. Binti asiyeweza kusema nyumbani akipata maudhi anakaa nayo kimya, au anakwenda kukitoa kwa mtu asiyejua kazi.

Ila njoo ukae nami nusu siku. Anaingia na sketi ya shule chini ya kanga, anasema tumbo linamuuma. Akimwona jirani yao kwenye benchi, anageuza. Ukimuuliza kwa sauti "mama yako anajua?" humwoni tena. Unadhani anakwenda kwa mama? Anakwenda duka la dawa muhimu kununua P2, dawa ya kuzuia mimba. Ile ni ya dharura, ndani ya saa 72 baada ya tendo, yeye anaifanya ya kila wiki, na Ukimwi haizuii. Wengine nakutana nao baadaye kliniki ya wajawazito. Siku hiyo ndiyo mama kaja naye.

Mjukuu wa Pangani

Kuna nyumba anayemchezea binti ni baba wa kambo au mjomba. Hapo fomu anasaini nani?

Halafu wote mmeshikilia binti, binti. Wavulana wetu siku hizi wanatahiriwa hospitali, kidonda kikipona mafunzo yameisha, maana hayakuwepo. Nani kaongea nao?

Mleta mada

Baba Watatu, mtu mzima akimharibu mtoto, nesi anayeona dalili ana pa kupeleka, na polisi kuna dawati la jinsia na watoto. Ukifunga mlango wa zahanati unamwondoa mtu pekee ambaye angegundua.

Kwenye kupima VVU tulishavuka hapo. Mwaka 2019 Bunge lilishusha umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi kutoka 18 hadi 15, kwa sababu vijana walikuwa hawaji kupima.

Ninachopendekeza ni nesi amuulize kila binti: ni mtu mzima gani wa kwenu unayemwamini? Shangazi, bibi, dada mkubwa. Huyo ndiye aitwe, binti akiridhia, na ajue dalili za kumrudisha kliniki. Na vikao vya wazazi viwe na saa ya jambo hili, akina baba wakae mpaka mwisho, si kusaini mahudhurio na kuondoka.

Baba Watatu

Hilo la shangazi nalichukua. Dada yangu yuko Muheza, wangu wa kidato cha pili anampenda kuliko mama yake, leo jioni nampigia. La kijiti bado nakataa.

Nesi wa Zamu

Mpigie. Na yule wa kiume umempangia nani?