Makumbusho madogo ya mikoani: acheni kusingizia bajeti, vitu vya watu vinaharibikia mikononi mwenu

Wakuu, hili limenyamaziwa muda mrefu na sasa basi.

Ukiingia kwenye makumbusho madogo ya mkoani, yale ya vyumba viwili vitatu yenye vitu vya jamii za asili na historia ya eneo, ukauliza kwa nini mambo yako hovyo, jibu ni moja: bajeti hakuna. Paa likivuja, sawa, hiyo ni bajeti. Lakini uharibifu mwingi humo ndani unatokana na uzembe ambao kuuondoa hakugharimu kitu. Pazia halifungwi. Rejista haijazwi. Wenye vitu vyao hawaulizwi.

Tuanze na vibao. "Ngoma. Mbao na ngozi." Basi, kibao kimeisha! Mgeni ana macho, mbao na ngozi ameshaziona. Anachotaka kujua ni kwamba ngoma ilitoka kijiji gani, kwa ukoo upi, ilipigwa kwenye shughuli gani, nani alikuwa na haki ya kuipiga, na iliingiaje humu: ilinunuliwa, ilitolewa zawadi, au ilinyang'anywa enzi za ukoloni? Maneno 50 hadi 70 yanatosha kabisa, kwa herufi anazoweza kuzisoma mtu aliyesimama hatua mbili nyuma, si karatasi iliyobandikwa kwa selotepu usawa wa magoti. Kama hamjui, andikeni "haijulikani", kwa sababu huenda anayesoma ni mjukuu wa aliyeichonga na jibu analo. Halafu kuna vibao vinavyomtaja kwa jina kamili afisa au mmisionari aliyekusanya, huku fundi aliyetengeneza hatajwi wala hakuna aliyewahi kumuulizia. Na kila kitu kiko katika wakati uliopita: "waliishi", "walivaa", "waliabudu". Watu hao wapo! Wengine wanaishi jirani na jengo lenyewe.

Nyuma ya kibao kibovu kuna rejista mbovu, na hapa ndipo penye msiba mkubwa. Namba ya kitu ndiyo inayokiunganisha na kumbukumbu zake zote. Mfumo wa kawaida ni mwaka, fungu, kitu: 1978.12.3 ni kitu cha 3 katika fungu la 12 lililopokelewa mwaka 1978. Kuiandika kwenye mbao ngumu, mfupa au chungu kilichochomwa ni kazi ndogo. Chagua sehemu isiyoonekana mbele ila inayofikika, isiyo na rangi, masizi wala mabaki ya matumizi, maana mabaki hayo nayo ni ushahidi. Paka safu nyembamba ya Paraloid B-72 (resini ya akriliki inayopitisha mwanga) iliyoyeyushwa kwa asetoni, iache ikauke kabisa, andika namba kwa wino mweusi usiochuja, ukikauka paka safu ya pili juu. Siku ukitaka kuiondoa, asetoni kwenye pamba inatosha na kitu hakidhuriki. Kitu cha plastiki au kilichopakwa vanishi usikiguse kwa asetoni. Nguo, ngozi na vikapu havipakwi chochote: namba inaandikwa kwenye utepe wa pamba, utepe unafungwa au unashonwa kwa mishono miwili mitatu.

Badala ya hayo tunaona nini? Stika za dukani, ambazo gundi yake hupenya kwenye mbao na kuacha doa la kahawia. Kalamu ya wino juu ya mbao tupu, haitoki tena. Ule wino mweupe wa kufutia makosa, ambao hukauka, ukapasuka na kubanduka pamoja na namba yenyewe. Namba ikishabanduka, hakuna tena anayeweza kusema kitu hicho ni cha nani.

Anayeona haya ni mambo madogo aangalie vigango vya Wamijikenda wa pwani ya Kenya, yaani nguzo za mbao za kuwakumbuka marehemu. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja nyumbani kwake akiwa na vigango alivyowasimikia marehemu wa familia, na muda mfupi baadaye vikaibwa. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wasomi, Udvardy akakiona kimoja katika picha za mkusanyo wa makumbusho ya Illinois nchini Marekani. Cha pili kikabainika kuwa kiko Chuo Kikuu cha Hampton, hukohuko Marekani. Vyote viwili vilirudishwa Kenya mwaka 2007. Picha moja yenye jina la mtu na mahali ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver, Marekani, nayo yakatangaza kurudisha vigango 30. Sasa niambieni, kigango kisicho na picha wala rekodi kinadaiwa vipi?

Simu ya mkononi inatosha. Kila kitu kipigwe picha pande zote pamoja na rula na namba yake. Kisha andika vipimo, malighafi na alama za pekee: ufa, kiraka, jino lililong'oka, shanga ya rangi tofauti. Ndivyo Object ID, kiwango cha kimataifa cha kueleza vitu vya sanaa na utamaduni, kinavyotaka tangu 1997, na polisi hawawezi kutafuta kitu kilichoibwa bila hayo. Nakala ya pili ya rejista ikae nje ya jengo. Makumbusho ya Taifa ya Brazili, Rio de Janeiro, yaliungua tarehe 2 Septemba 2018, na kumbukumbu nyingi za lugha za wenyeji wa asili zikateketea humo humo.

Mwanga. Mlangoni kuna kibao: marufuku kupiga picha kwa fleshi. Hatua tatu mbele, vazi la ngozi lenye manyoya na rangi za mimea limewekwa mkabala na dirisha lisilo na pazia. Fleshi huwaka kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Jua linakaa hapo tangu asubuhi. Nguo, manyoya, ngozi iliyotiwa rangi, karatasi na picha za zamani havipaswi kuzidi luksi (kipimo cha mwanga) 50 hivi. Mbao zilizopakwa rangi, mfupa na pembe zinavumilia hadi 200. Dirishani penye jua kipimo husoma maelfu. Pigeni hesabu: saa 1 kwenye luksi 5,000 ni sawa na saa 100 kwenye luksi 50, yaani siku 12 na nusu za kufungua saa 8 kila siku. Na madhara ya mwanga hujumlishwa. Kitu hakipumziki kikapona, rangi iliyopauka imeondoka moja kwa moja. Pazia zito na kuzima taa wakati hakuna mgeni, hiyo nayo inahitaji mfadhili?

Balbu ndani ya kabati lililofungwa ni balaa jingine. Mchana hewa ya humo inapata joto na kukauka, usiku balbu ikizimwa unyevu unarudi. Ngozi ya ngoma inajikaza kila mchana na kulegea kila usiku hadi inachanika kwenye ukingo, pale inapopita juu ya vigingi. Angalieni hapo kwanza mkitembelea: nyufa fupi zinazoanzia kwenye tundu la kigingi. Na ukiona kitu cha kijani chenye utelezi kama nta kwenye mkanda wa ngozi wenye shanga za shaba, si uchafu wa zamani. Ni mafuta ya ngozi yanaila shaba.

Wadudu. Kitu kipya kinaletwa leo na leo hii kinawekwa kabatini pamoja na vingine. Hapana! Kinafungwa ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha hewa na kukaa kando. Ukishuku wadudu, toa hewa, ziba, weka kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki 2. Ukikitoa, usifungue mfuko kabla ya saa 24, ili umande utue nje ya mfuko badala ya juu ya kitu. Ngoma yenye ngozi iliyokazwa na vitu vya rangi inayobanduka visipelekwe huko.

Na wale wa meza ya "gusa ujionee", mnajua mnagusisha watoto nini? Ili kuua wadudu, makumbusho mengi yalipaka mikusanyo ya zamani sumu: aseniki, chumvi za zebaki, baadaye DDT. Wahopi, wenyeji wa asili wa Arizona, Marekani, walirudishiwa vitu vyao vya ibada chini ya NAGPRA, sheria ya Marekani ya 1990 ya kurudisha vitu na mabaki ya wenyeji wa asili, ikaja kubainika vina aseniki. Ngozi, manyoya au nywele za mkusanyo wa zamani zichukuliwe kuwa na sumu hadi zipimwe. Vaeni glovu za naitraili (aina ya mpira), si za pamba.

Mwisho ni vitu vya ibada na mabaki ya binadamu. Maadili ya ICOM, baraza la kimataifa la makumbusho, yako wazi: jamii husika ikiomba kitu kiondolewe kwenye maonyesho, ombi lishughulikiwe haraka na kwa heshima. Marekani, tangu tarehe 12 Januari 2024, kanuni mpya za NAGPRA zinadai ridhaa ya jamii husika kabla ya kuonyesha, na makumbusho makubwa ya historia asilia ya New York yalifunga kumbi mbili mwezi huohuo. Makumbusho madogo yana nafuu zaidi, wazee mara nyingi wako karibu. Wapelekeeni orodha na picha. Waulizeni kama kionyeshwe, nani asikione, kikae kimelala, kimesimama au kimefunikwa. Andikeni jibu, tarehe na aliyelitoa, na mrudi kuuliza tena, kwa sababu wasemaji wa ukoo hubadilika. Wakikataa, kitoeni siku hiyohiyo na mahali pake muweke kibao kinachosema kimeondolewa kwa matakwa ya wenyewe.

Wageni nanyi, pigeni simu kabla ya kwenda, mengi yana mtunzaji mmoja tu. Mkiona unga chini ya kiti cha mbao, semeni pafagiliwe na pawekwe karatasi nyeusi. Wiki ijayo kukiwa na unga mwingine, wadudu wako kazini. Kwenye kitabu cha wageni msiandike "pazuri sana". Andikeni namba ya kabati, namba ya kitu na kasoro mliyoiona.

Watunzaji mliomo humu, jibuni mawili tu: kabati lenu la ngozi na manyoya linasoma luksi ngapi saa sita mchana, na nakala ya pili ya rejista yenu iko jengo gani?