Mchezo gani unaweza kuwafundisha wanafunzi mwendo wa limfu?

Mwalimu wa Baiolojia, Tanga
Walimu wenzangu, ninafundisha kidato cha pili, na darasa langu lina wanafunzi zaidi ya sitini. Mwezi uliopita nilifundisha mfumo wa limfu, yaani majimaji ya mwilini yanayorejeshwa kwenye damu kupitia mishipa yake, kwa mchezo wa kadi, wanafunzi wakioanisha jina la kiungo na kazi yake. Bandama, thaimasi na tezi za limfu waliyakariri vizuri, lakini katika jaribio wengi waliandika kwamba moyo ndio unaosukuma limfu. Je, kuna mchezo utakaowafanya wauone mwendo wenyewe, pasipo vifaa vya gharama?

Mwalimu wa Sayansi, Bagamoyo
Pole na kazi, mwalimu. Mimi hutumia komwe za bao, kwa kuwa hapa pwani hakuna mtoto asiyezijua. Ninaanza na komwe 20, kila moja ikiwa takriban lita moja ya majimaji yanayochujwa kutoka kwenye kapilari (mishipa midogo kabisa ya damu) kwa siku. Wanafunzi wanaoigiza kapilari hurudisha 17 papo hapo, na zile 3 zinazobaki huingia kwenye mshipa wa limfu, yaani safu ya wanafunzi waliosimama mchangani kuanzia mguuni hadi shingoni. Sharti ni kwamba komwe haipokezwi mpaka safu nzima ichuchumae na kuinuka, kama misuli inavyoibana mishipa mtu anapotembea, na hakuna anayeruhusiwa kuirudisha nyuma, kwa sababu kila mmoja ni vali. Ninapowaamuru watulie, komwe hukwama, na hapo ndipo ninapowauliza kama wameuona moyo wowote katika safu hiyo. (Mishipa ya limfu hujibana yenyewe pia, usiache kulitaja hilo.)

Katikati ninamweka mwanafunzi awe tezi ya kinena. Akipokea komwe iliyopakwa rangi nyekundu, ambayo ni kijidudu, huwaita wenzake wanne waje kupambana nacho, na kundi hilo linapojazana mahali pamoja wanafunzi wenyewe hupaza sauti, "Huo ni mtoki!" Tangu hapo hakuna anayeuliza kwa nini kidonda cha unyayoni huleta uvimbe kwenye kinena.

Muuguzi, Pangani
Ninawaomba mwongeze matende, ila kwa uangalifu. Minyoo inayoenezwa na mbu huishi miaka kadhaa ndani ya mishipa ya limfu na kuiharibu. Basi wanafunzi wawili wakae njiani, komwe zirundikane mguuni, ili darasa lione kwamba uvimbe huanza na majimaji yaliyokosa njia, wala si laana. Asiwepo wa kuigiza mgonjwa anayechechemea, kwa kuwa huenda darasani yupo ambaye babu yake ana matende au busha. Mchezo ukiisha, waoshe miguu kwa sabuni na kukausha katikati ya vidole, kama mgonjwa wa matende anavyoshauriwa kufanya kila siku.

Mwalimu wa Baiolojia, Tanga
Ahsanteni sana. Je, komwe ziishie wapi?

Mwalimu wa Sayansi, Bagamoyo
Ziishie kwenye vena iliyo karibu na mtulinga wa kushoto, ambako limfu hurejea kwenye damu. Mkono wa kulia, upande wa kulia wa kifua na wa kichwa humwaga limfu yao kuliani. Kwa hiyo kwa darasa la wanafunzi sitini utapata safu mbili zisizolingana, na iliyo ndefu zaidi ni ile ya kushoto.