USHAURI: Mtoto wa wiki 8 alizaliwa kilo 1.9, ukweni Makete wanataka nimpeleke mwezi huu wa saba

Mama_Uyole
Habari zenu wapendwa, naombeni mnisome mpaka mwisho, naandika kwa kukatakata maana mtoto yupo kifuani.

Nipo Uyole hapa Mbeya. Nina binti wa wiki 8, alizaliwa mimba ikiwa na wiki 34, kilo 1.9, sasa hivi mzani wa kliniki unasoma 3.4 na chanjo za wiki 6 kapata zote. Juzi mama mkwe kapiga simu kutoka Makete anataka tupande na mtoto akae huko miezi miwili, ukoo haujamuona. Mwezi wa saba huu jamani, asubuhi kule majani yanakuwa meupe kwa baridi, na jikoni ndo tunakaa wote na watoto kuota moto, kuni zinawaka toka jioni mpaka watu wanaenda kulala.

Kinachonitesa ni kwamba mwaka juzi nilimzika mwanangu wa kwanza akiwa na miezi 3, nimonia, na ilianzia huko huko. Yalikuwa mafua tu. Watoto wa wifi zangu walikuwa na mafua hayo hayo nyumba hiyo hiyo na leo wanakimbia. Wangu akakohoa siku 2, siku ya 3 akawa ananyonya kidogo anaachia titi anahema. Nakumbuka namfungua nimbadilishe nguo nikaona chini ya mbavu panabonyea kila akivuta pumzi na vitundu vya pua vinatanuka. Sikujua kama ile ni dalili. Nikaambiwa baridi imemwingia, nikamsugua mafuta nikamfunika tukalala. Asubuhi zahanati tuliyofika hawakuwa na oksijeni, gari la kututoa pale likaja mchana. Hatukufika nae.

Kwa nini wangu na sio wale wengine? Na huyu nimpeleke au nisimpeleke? Mume wangu anasema nikikataa mama yake ataona namlaumu kwa yule wa kwanza.

Nesi_Mafinga
Pole sana mdogo wangu, nimesoma mara mbili. Nipo wodi ya watoto mwaka wa 11 nikujibu ninavyoona kazini.

Baridi peke yake haileti nimonia, inaletwa na vijidudu. Ila baridi inawafungia watu chumba kimoja, huyu anakohoa yule ananyonyesha, na moshi wa kuni unachubua njia ya hewa ya mtoto, basi wadudu wanapata pa kushika. Watoto kumi wakipata mafua hayo hayo wanaozidiwa mara nyingi ni wale wale: aliyezaliwa njiti au chini ya kilo 2.5, aliyeanzishiwa uji mapema, ambaye chanjo hazijakamilika, aliyekonda, na aliye chini ya miezi sita maana kinga yake bado changa. Na juu ya yote aliyecheleweshwa. Yule wako wa kwanza alizaliwa na kilo ngapi?

Mama_Uyole
2.2 dada. Na uji alianza akiwa na miezi 2, walisema maziwa yangu hayamshibishi.

Nesi_Mafinga
Basi jibu la swali lako la kwanza liko hapo, na sio kwamba hukumpenda, hakuna aliyekaa na wewe akakuonyesha. Sasa jifunze kitu kimoja leo hii hii. Mtoto akiwa ametulia au amelala mfungue kifua, shika simu yenye saa, hesabu tumbo linavyopanda dakika NZIMA, usihesabu nusu ukazidisha. Chini ya miezi 2 ikifika 60 au zaidi ni hospitali. Kuanzia miezi 2 mpaka mwaka kasoro ikifika 50. Wako ndo anavuka hapo, we shika hiyo 50. Na akikataa titi, akibonyea chini ya mbavu, akilegea, akipata degedege, au mwili ukiwa wa moto au wa baridi isivyo kawaida, usihesabu chochote, ondoka hata kama ni saa nane usiku.

Jambo lingine sikuulizi hapa hadharani, nasema kwa kila mama anayesoma maana mikoa yetu hii Njombe, Iringa na Mbeya ndo inaongoza kwa maambukizi ya VVU. Mtoto wa mama anayetumia dawa za VVU, hata kama mtoto mwenyewe hana virusi, anaugua nimonia kirahisi kuliko wenzake, kwa hiyo kile kipimo cha VVU cha mtoto cha wiki 6 na dawa ya kinga anayopewa msiache kwa aibu ya ndugu.

Kamwene_86
Mi naona mchunguzeni meno ya plastiki, watoto wengi homa na kuharisha chanzo ni hayo, kuna wazee wanayatoa vizuri tu.

Nesi_Mafinga
Ndugu yangu hapana. Yale ni meno ya kawaida yaliyoko ndani ya ufizi hayajaota. Wanachokonoa kwa kisu au spoku ya baiskeli, mtoto anatoka damu, anapata maambukizi, hawezi kunyonya, halafu ugonjwa wenyewe uko pale pale haujatibiwa. Nimewapokea wodini hao, wengine wamefika hawana damu kabisa. Kukata kimeo nako hivyo hivyo.

Baba_Mapacha_Igurusi
Mie niongeze kuhusu kuharisha maana nilinusurika kumpoteza mmoja wa mapacha. Huku kwetu mvua zikianza maji ya mfereji yanachafuka, na tulikuwa tunawapa maji kidogo kidogo kwa chupa, chupa yenyewe inaoshwa juu juu. Aliharisha toka asubuhi, jioni macho yameingia ndani na utosi umebonyea, analia machozi hayatoki. Pale kituoni walimpa ORS kijiko kijiko, kila baada ya dakika moja kijiko, mama anamnyonyesha katikati, na vidonge vya zinki tukaenda kumalizia nyumbani siku 10. Tungeendelea kusubiri aache mwenyewe tungemzika. Toka siku hiyo ni titi tupu mpaka miezi 6, hata maji hapana.

Bibi_wa_Tukuyu
Mwanangu pole. Mama mkwe usimwambie "sitaki kuja", mwambie "daktari kasema chanjo za wiki 10 na wiki 14 zisicheleweshwe". Na ni kweli, ingawa kwa kadi yake hata Makete watamchoma, mimi naona kwa uzito aliozaliwa nao na moshi ule asubiri mpaka chanjo hizo ziishe. Mumeo ndo aongee na mama yake, sio wewe. Aanze kwa kumwambia kuwa hamumlaumu, maana na yeye yule alikuwa mjukuu wake, nina hakika hajalala vizuri toka mwaka juzi.

Mama_Uyole
Narudi kuwajibu. Mume wangu kaongea na mama yake jana usiku, simu ilikuwa ndefu, mama kalia sana, kumbe kila siku anajiuliza kwa nini alisema tulale mpaka kuche. Hatupandi. Yeye ndo anashuka Jumamosi, atakaa hapa mpaka chanjo za wiki 14 zipite, na jiko la mkaa nimelihamishia nje barazani. Leo mchana mtoto kalala nimehesabu dakika nzima kama ulivyosema dada nesi, 44. Nimerudia, 46. Mama akifika ntamfundisha na yeye.