Najifunza kusoma karata za taroti, nimekwama kwenye kukariri. Naomba ushauri

BintiMakorora:
Habari zenu wakuu. Naombeni mnisaidie, maana hili jambo nimelipenda kweli na sitaki kuliacha njiani.

Miezi minne iliyopita binamu yangu anayeishi Uingereza alikuja likizo hapa Tanga, akaniletea pakiti ya taroti, karata za picha ambazo watu huzitumia kuagulia, ile iliyotoka London mwaka 1909, Pamela Colman Smith akiwa mchoraji na Arthur Edward Waite mwelekezaji. Usiku ule nilizitandaza zote 78 kwenye mkeka nikakesha nazitazama.

Shida ni kusoma. Kijitabu cha ndani ya boksi ni cha Kiingereza, herufi ndogo kama za karatasi ya dawa. Kila karata ina maana yake ikiwa wima na nyingine ikitoka kichwa chini, kwa hiyo nahesabu maana 156. Nimekariri kama 40 hivi, na nikirudi kwenye za mwanzo nakuta zimeshatoka kichwani.

Wiki mbili zilizopita shoga yangu akaniomba nimtandikie. Amepata kazi Dodoma na hajui kama ahame. Nikachanga, akakata, nikaweka tatu. Ya katikati ikatoka Kifo. Nikaganda. Nikaanza kupekua kijitabu mbele yake, mikono inatetemeka, naye ananitazama usoni. Mama yake anaumwa, nami nilijua. Akaanza kulia. Mpaka leo sijagusa zile karata.

Wenye uzoefu, mlijifunzaje? Kuna njia nyingine zaidi ya kukariri? Na lile la Kifo ningefanya nini? Mama yangu naye anasema nimeleta ramli ndani ya nyumba, na sijui nimjibu nini.

MzeeWaArbastini:
Binti, pole. Weka kijitabu kando kwanza, tuanze na unachokijua tayari.

Unazijua karata za kawaida, zile za barazani? Basi taja nyumba zake: kopa, uru, shupaza, pau. Haya majina tumeyapata kwa Wareno, waliofika pwani hii mwaka 1498 na kutolewa Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698. Walituachia meza, leso, na majina ya karata. Kwa Kireno copas ni vikombe, ouros ni dhahabu, espadas ni panga, paus ni fimbo. Sasa fungua pakiti yako uangalie: vikombe, sarafu, panga, fimbo. Ni nyumba zilezile! Babu zetu walikuwa wakitaja vikombe huku wakitazama picha ya moyo, kwa sababu karata za zamani za kusini mwa Ulaya zilichorwa vikombe kweli. Na Ulaya nayo ilizipata kwa Waislamu. Karata za Wamamluki, watawala wa zamani wa Misri, zilikuwa na vikombe, dinari, panga na fimbo za kuchezea polo.

Hesabu nayo ifanye hivi. Karata za dukani ni 52. Kila nyumba ina wazungu watatu, yaani picha za watu. Taroti imemwongeza wa nne, mpanda farasi, ndiyo maana nyumba zote nne zinafika 56. Zilizobaki ni 22, ndizo kubwa, kuanzia Mjinga hadi Dunia. Hizo Wataliano waliziongeza katika karne ya 15, huko Milano na Ferrara, na walikuwa wakizichezea mchezo tu. Wafaransa mpaka leo wanaucheza.

Kujifunza kwenyewe ni hivi. Ipe kila nyumba tabia yake. Kopa ni moyo: mapenzi, huzuni, ndugu. Uru ni mali, mwili, kazi ya mikono. Shupaza ni akili na ulimi: maamuzi, maneno, ugomvi. Pau ni moto: hamu, safari, shughuli. Kisha upe kila namba mwendo wake. Ree, yaani karata ya 1, ni mbegu, 5 ni mtikisiko, 10 ni mzigo uliofika mwisho.

Toa 5 zote nne uzipange mbele yako. Kwenye kopa kuna mtu aliyejifunika joho jeusi, ameinamia vikombe vitatu vilivyomwagika, na nyuma yake viwili vimesimama hajaviona. Kwenye uru, maskini wawili wanapita kwenye theluji chini ya dirisha la kanisa linalowaka. Kwenye shupaza mmoja kazoa panga na wenzake wanaondoka wamempa mgongo. Kwenye pau vijana watano wanagongana fimbo. Mtikisiko ni mmoja, umeingia nyumba nne. Umeshajua karata nne na hujakariri neno.

Mimi nilijifunza hivyo nikiwa na miaka 51. Wewe utaenda haraka zaidi.

Nesi_Kibosho:
Mdogo wangu, mimi nataka kusema juu ya Kifo, kwa sababu nimefanya kazi wodini miaka mingi na najua uso wa mtu anayeogopa kufiwa.

Itoe karata uitazame bila woga. Mifupa imevaa deraya, imepanda farasi mweupe, imeshika bendera nyeusi yenye waridi jeupe. Mfalme ameanguka chini, taji halikumsaidia. Askofu amesimama ameinua mikono. Kuna mtoto mdogo amepiga magoti mbele ya farasi, naye hajageuza uso. Halafu tazama mbali, upande wa kulia: minara miwili, na jua katikati yake. Wasomaji wengi wanaichukua kama karata ya jambo lililofikia mwisho wake. Kwa mtu anayeuliza kuhusu kuhama, inasema habari ya nyumba anayoifunga, mtaa anaouacha, maisha ya Tanga yanayokwisha ili mengine yaanze. Ilijibu swali lake kabisa.

Lakini lililomliza hata si karata, ni uso wako. Ulipoganda, yeye alisoma uso wako. Siku nyingine kabla hajakata mweleze: humu kuna Kifo, Mnara na Ibilisi, zina picha za kutisha na zina maneno mengine. Ukimwambia mapema, hata zikitoka mtaongea.

Na kwa mtu mwenye mgonjwa nyumbani, mimi simtandikii kabisa. Namwambia tukae tu, aniambie mgonjwa anaendeleaje.

Nenda kamwone shoga yako. Usiende na karata.

Abu_Swafaa:
Dada, mimi sikubaliani na jambo hili na nitasema kwa upendo. Kwetu Waislamu kutafuta habari za ghaibu kwa vyombo kumekatazwa, na mishale ya kupigia ramli imetajwa wazi katika Suratul Maida aya ya 90. Wakristo nao wana Kumbukumbu la Torati 18. Mama yako hakuonei. Anakuhofia. Kabla ya kutafuta jibu la kumpa, kaa naye umsikilize.

MzeeWaArbastini:
Abu Swafaa, nimekuelewa na nakuheshimu. Mimi mwenyewe nilikaa mbali na karata kwa muda kwa sababu hiyo.

Ila binti ajue historia ili asidanganywe na wauzaji. Wengine watamwambia taroti ni siri ya mafarao. Habari hiyo ilienezwa na Mfaransa Court de Gébelin mwaka 1781, wakati hakuna mtu Ulaya aliyeweza kusoma maandishi ya Misri ya kale. Msomi Champollion alikuja kuyafumbua mwaka 1822. Miaka michache baada ya Gébelin, Mfaransa mwingine aliyejiita Etteilla akachapisha namna ya kuagulia kwa taroti. Kabla ya hapo, kwa miaka zaidi ya 300, watu wengi walizijua kama mchezo. Ramli yetu ni kitu kingine kabisa. Ile ina nukta za mchangani, maumbo 16, na elimu yake ilikuja na Waarabu.

Mimi sitabirii mtu. Natandika ili mtu apate pa kuanzia kusema lililomkaa moyoni. Kama mama yako atalikubali hilo au la, ni haki yake, na nyumba ni yake.

Ngosha_wa_Ziwa:
Naongeza moja tu, dada, na ulishike. Huku kwetu Kanda ya Ziwa tumezika watu kwa sababu ya ramli chonganishi. Mtu anaambiwa "aliyekuloga ni mama mkwe wako", kesho mapanga yanatembea. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kwa ajili ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino.

Kwa hiyo akitoka Malkia wa shupaza, usimwambie mtu "kuna mwanamke anakuchukia". Usimtaje jirani, wifi, wala mke mwenza. Hata akikubembeleza. Hata kama unadhani unamjua.

MwanaLikoni:
Dadangu, salamu kutoka Mombasa. Ushauri wangu ni daftari. Kila asubuhi toa karata moja. Usifungue kitabu. Andika kwa Kiswahili unachokiona kwa macho, halafu andika inakukumbusha nani au wapi. Usiku rudi uandike siku ilivyokwenda.

Nikupe mfano. 6 ya panga ilinisumbua sana. Kitabu kilisema "mpito", basi. Siku moja nikaitazama vizuri. Mwanamke amejifunika, mtoto yuko ubavuni mwake, mtu nyuma anasukuma mashua kwa upondo. Panga sita zimesimama ndani ya mashua. Maji upande mmoja yana mawimbi, upande wa pili yametulia. Mimi ni mtu wa feri, navuka kila siku. Nikamkumbuka marehemu shangazi alivyovuka na bintiye usiku ule alipoondoka kwa mume, na sanduku moja. Zile panga zimo safarini pamoja naye. Na ukizing'oa, mashua itaingia maji. Tangu siku hiyo sijawahi kuisahau wala kuitafuta kitabuni.

Karata za kichwa chini ziache kwanza. Zikitoka hivyo zigeuze. Na usikimbilie ile tandiko ya karata kumi inayoitwa Msalaba wa Kiselti. Kaa na moja, kisha tatu. Maswali nayo usiulize "je, ataniacha?" Uliza "ni lipi silioni?"

BintiMakorora:
Wakuu, nimerudi, na asanteni sana.

Nilikwenda kwa shoga yangu Ijumaa, mikono mitupu kama Nesi alivyosema. Nikamwomba radhi. Tulikaa jikoni kwake tukimenya mihogo, akaniambia hofu yake siyo Dodoma, ni nani atampeleka mama kliniki. Tukalizungumza hilo mpaka magharibi. Karata hazikutajwa.

Daftari nimeanza, leo siku ya sita. Jana ilitoka 8 ya uru. Kijana amekaa kwenye benchi, nyundo mkononi, anachonga sarafu mojamoja, na zilizokamilika amezitundika. Mji uko mbali nyuma yake, hautazami. Nimeandika ukurasa mzima juu ya marehemu baba na karakana yake ya useremala, alivyokuwa akipiga msasa mguu wa kiti hata ule usioonekana. Sijawahi kuandika juu ya baba.

Mama alinikuta nimepanga nyumba nne sakafuni. Nilidhani atafoka. Nikamwambia aliyosema Mzee, kuhusu kopa na shupaza. Akanyamaza, akachuchumaa, akaokota ree ya vikombe, ule mkono unaotoka mawinguni. Akasema, "Baba yangu akiipata kopa ya ree alikuwa akiipiga chini mpaka mkeka unalia." Akairudisha palepale. Kisha akaniambia nizitoe kabla ya swala ya magharibi, na nisizitandike tena sebuleni.

Nimekubali. Sasa natandika chumbani kwangu, alfajiri, moja moja.