Mjadala: Mtangazaji ana haki ya kumrusha mtu hewani kabla hajakubali?

Asubuhi za siku za kazi, ukipanda matatu Nairobi, Nakuru au Kisumu, huenda ukakuta dereva amefungulia Radio Jambo na Patanisho imeanza. Kwa asiyeijua, hii ni sehemu ya kipindi cha asubuhi cha watangazaji Gidi na Ghost. Ghost ni Jacob Mulee, yule kocha aliyeipeleka Harambee Stars kwenye Kombe la Afrika mwaka 2004. Mtu aliyekosana na mke, mume, mzazi au rafiki hutuma ujumbe, hueleza kisa chake, kisha yule wa pili hupigiwa simu na wawili hao huunganishwa nchi nzima ikisikiliza. Vituo vingine vina vipindi vya namna hiyo kwa majina mengine, kwa Kiswahili na kwa lugha za mama. Mimi ni msikilizaji wao wa siku nyingi, na nimesikia ndoa zikirudi palepale hewani hadi abiria wakapiga makofi. Kwa hiyo sileti mada hii ili vipindi vifungwe.

Ninayemtetea hapa ni yule wa pili.

Wa kwanza amejipanga. Amechagua siku, ameandika ujumbe, anajua saa ngapi simu itaita. Wa pili yuko sokoni, kazini, au ndani ya basi. Kwa tunavyosikia sisi wasikilizaji, mara nyingi anashtukizwa: anapokea namba asiyoijua, anasikia sauti ya redioni ikijitambulisha, na kabla hajapata pa kujificha anaulizwa kwa nini alimfukuza mkewe, au kwa nini aliondoka na mtoto. Akikata simu, ameonekana mkaidi. Akinyamaza, wasikilizaji wanatuma maoni kwamba ana hatia. Na akisema ukweli wake wote, pengine kwamba alikuwa akipigwa, au kwamba kuna ugonjwa uliingia nyumbani, au kwamba mtoto ana baba mwingine, basi ameusema mbele ya jirani, mwajiri, mwalimu wa mtoto na wakwe. Hakuna jibu hata moja analoweza kutoa likamwacha salama, na hakuna aliyemuuliza kama anataka kujibu.

Zamani redio ilikuwa na huruma moja: neno likishasemwa limepita. Leo kipande kile kinakatwa, kinawekewa kichwa cha kuvutia na kupandishwa mtandaoni kabla ya chakula cha mchana. Wawili wale wanaweza kupatana jioni hiyohiyo na kuishi vizuri miaka kumi, lakini sauti ya mama akilia bado ipo, na mtoto wao akijifunza kutafuta jina la kijiji chao kwenye simu ataikuta. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote.

Msinijibu kwamba redio ndivyo ilivyo duniani kote. Marekani, kanuni ya FCC, mdhibiti wao wa mawasiliano, namba 73.1206 inakitaka kituo kumfahamisha mtu kwamba mazungumzo ya simu yatarushwa au kurekodiwa kwa ajili ya kurushwa, na kumfahamisha kabla, si katikati. Australia nako waliona uchungu wake: Desemba 2012 watangazaji wawili wa 2Day FM ya Sydney walipiga simu hospitali moja London wakijifanya Malkia Elizabeth na Mwanamfalme Charles, ili wapate habari za mgonjwa aliyekuwa mke wa Mwanamfalme William. Simu ilirekodiwa, ikarushwa bila ridhaa ya wauguzi waliosikika. Siku chache baadaye muuguzi aliyeipokea na kuiunganisha wodini alikutwa amekufa. Shauri lililotokana na simu ile lilifika hadi Mahakama Kuu ya Australia mwaka 2015, na mdhibiti wao wa utangazaji akakishinda kituo. Wale walifanya mzaha, na Patanisho si mzaha, najua. Lakini kwa aliyeko upande wa pili wa laini, sauti yake imechukuliwa vilevile.

Kwetu Kenya Katiba ya 2010, ibara ya 31, inalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazungumzia ridhaa, ingawa kifungu cha 52 kinawapa wanahabari nafuu pale penye maslahi ya umma. Sasa niambieni: ugomvi wa fundi wa baiskeli na mkewe juu ya simu iliyofichwa una maslahi gani ya umma? Tunataka kuujua, hilo ni kweli. Kutaka kujua ni kitu kingine.

Na msidhani mdhibiti hawezi kufanya kitu. Machi 2021 watangazaji wa asubuhi wa Homeboyz Radio walimzungumzia mwanamke aliyesukumwa kutoka ghorofani kana kwamba kosa lilikuwa lake. Mamlaka ya Mawasiliano ilikipiga kituo faini ya shilingi milioni 1 na kusimamisha kipindi miezi 6, kampuni ya bia ya EABL ikaondoa matangazo yake, na watangazaji watatu wakafutwa kazi. Ila pale walihukumiwa kwa maneno ya watangazaji wenyewe. Mtu anayeburutwa hewani kwa upole, kwa sauti ya kirafiki, bila tusi hata moja, nani anamtetea?

Ninachopendekeza ni kidogo sana. Mtayarishaji apige kwanza, nje ya hewa. Ajitambulishe, aseme ni nani ameleta kisa na ni kisa gani, aulize: unakubali tuongee redioni? Akikubali, aingizwe. Akikataa, aachwe. Na aliyekubali leo akija kuomba kipande kiondolewe mtandaoni, kiondolewe bila kuzungushwa.

Karibuni. Nataka hasa kusikia wanaopinga.

Jibu la msikilizaji, Nakuru

Mleta mada, nakuheshimu, lakini unaongea kama mtu ambaye hajawahi kuzuiwa namba. Mimi nauza mboga. Mwanamume akiondoka na kuniachia watoto, nitampata wapi? Namba yangu ameizuia. Kwao wananiambia hayupo. Chifu ananiambia njoo wiki ijayo. Mshauri wa ndoa analipwa kwa saa. Redio ni bure, na ndiyo simu pekee ambayo yule mwanamume atapokea.

Halafu unamfanya huyo wa pili kila mara aonekane mnyonge. Mara nyingi ndiye mwenye nguvu! Ndiye aliyekimbia. Ukimpigia kwanza nje ya hewa na kumpa nafasi, atakuja na maneno aliyofundishwa na dada zake. Kwa kushtukizwa anasema yaliyo moyoni. Nimesikia wanaume wakikiri hewani mambo ambayo wasingekiri mbele ya mzee yeyote. Msiwanyang'anye wanawake kitu kimoja kinachowasaidia.

Niliyefanya kazi studio

Nimekaa upande wa pili wa kioo miaka kadhaa; kituo sitakitaja. Niwaeleze jinsi inavyokwenda, maana wengi wanadhani mtangazaji anaropoka tu.

Aliyeleta kisa tunamjua kabla. Mtayarishaji ameshaongea naye, amemhoji, amemwambia akae karibu na simu. Wa pili tunamwacha makusudi. Ile "halo" yake ya kwanza, asipojua ni nani, ndiyo inayomshika msikilizaji asibadilishe kituo tangazo linapoingia. Kila mtu studio anajua hivyo, na mdhamini wa kipindi anajua pia.

Wengine watasema kuna mtambo wa kuchelewesha matangazo. Ndiyo, upo kwenye vituo vyenye uwezo: sauti inatoka sekunde chache baada ya kusemwa, na mtu wa mitambo ana kitufe cha kufuta. Unafaa kwa tusi, kwa sababu tusi ni neno moja unalitambua papo hapo. Siri haiko hivyo. Mama anaanza na "mimi na mdogo wako…" na mpaka uelewe anakoelekea, nchi nzima imeshaelewa pamoja nawe. Mtangazaji naye macho yako kwenye saa, taarifa ya habari inakaribia, sikioni anaambiwa amalize. Wengi niliofanya nao kazi si watu wabaya. Wanaumia, wengine hupiga simu baadaye kujua hali. Lakini wameachiwa kuamua mambo mazito katika muda wa wimbo mmoja, bila mafunzo yoyote ya ushauri nasaha.

Pendekezo la mleta mada linawezekana kabisa kitaalamu. Litapunguza msisimko, na huo msisimko ndio unaouzwa.

Dar es Salaam

Huku kwetu tuna Hekaheka ndani ya Leo Tena ya Clouds FM, visa vya mitaani vinavyoletwa hewani, na ubishi ni huuhuu: wapo wanaosema inafichua maovu, wapo wanaosema inawaanika watu.

Ndugu zangu wa Kenya, nakubaliana nanyi kwenye ridhaa lakini mnaponitisha ni pale mnapomwita mdhibiti. Septemba 2020 TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, iliifungia Wasafi FM siku 7 kwa lugha iliyotumika kwenye vipindi vya The Switch na Mashamsham. Mwezi mmoja kabla, Clouds FM na Clouds TV nazo zilifungiwa siku 7, na hiyo ilikuwa habari ya wagombea wa uchaguzi, haikuhusu matusi wala mapenzi. Adhabu ni ileile, kwa sababu mbili zisizofanana hata kidogo. Uganda mnakumbuka ebimeeza, ile mijadala ya wazi iliyorushwa moja kwa moja redioni, watu wamekaa mezani wanapanga foleni ya kusema. Baada ya ghasia za Buganda Septemba 2009 serikali iliipiga marufuku. Mkiandika kanuni kwamba hakuna mtu kuwekwa hewani bila ridhaa, kesho mbunge anayekimbia maswali ya barabara ataitumia hiyohiyo kukata simu.

Mimi ningetaka malalamiko yaende kwenye mabaraza ya habari. Baraza la Habari Tanzania lipo tangu 1995 na lina kamati ya kusikiliza mashauri. Mlalamikaji anasikilizwa, kituo kinaomba radhi hewani saa ileile kilipokosea. Kufungia kituo hakumrudishii yule mama heshima yake.

Ndugu wa aliyepigiwa

Dada yangu alipigiwa akiwa kazini, kwenye nyumba ya watu. Tajiri wake alikuwa amewasha kituo hichohicho jikoni. Alisikia kila kitu. Dada hakufukuzwa, ila baada ya hapo alikuwa akiangaliwa tofauti, na mwishowe akaondoka mwenyewe. Yule mwanamume aliyempeleka redioni aliambiwa pole na wasikilizaji wengi. Hakuna aliyempigia dada kumwambia pole.

Mombasa

Kwetu pwani mtu na mkewe wakikosana kuna suluhu. Aya ya 35 ya Suratun Nisaa inataka mwamuzi mmoja kutoka jamaa za mume na mmoja kutoka jamaa za mke. Pande zote mbili zina mtu wa kuzisemea, na ya ndani yanabaki ndani. Redioni mwamuzi ni mmoja, na ameshasikia upande mmoja kabla ya mwingine.

Lakini sitaki kumpinga dada wa Nakuru kwa pupa. Wazee nao huwa wanalindana. Wanawake wangapi wameambiwa "vumilia mwanangu" na wazee watano wakarudishwa kwa mtu anayewaumiza? Huyo akipiga simu redioni mimi simlaumu.

Ninayemkumbuka ni marehemu mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025. Kipindi chake cha redio, Je, Huu ni Ungwana?, alikianza mwaka 1966 na kikaendelea miongo mingi. Alisema tabia za watu wazima kwa watoto, za wapangaji, za wanaochelewa harusini, na kila mtu alijijua mwenyewe pale alipo. Hakuhitaji kumvuta mtu kwenye simu aumbuke ndipo sisi wengine tujifunze.

Mleta mada

Nianze na Nakuru, maana hoja yake ndiyo nzito kuliko zote hapa. Dada, umesema yule mwanamume atapokea simu ya redio tu. Sawa. Basi simu ya mtayarishaji ataipokea pia, kwa kuwa inatoka kwa watu walewale. Aambiwe: mama watoto yuko hapa, anataka kusikia utalipa karo au hulipi. Akikubali kuongea hewani, umempata. Akikataa, mtangazaji aseme hewani kwamba alipigiwa na akakataa, bila jina wala mahali anapofanyia kazi. Nguvu yako ya kumfikia haijapungua, na mwanamke mwingine aliyekimbia kipigo hatapatikana kwa njia hiyohiyo na yule aliyekuwa akimpiga. Maana huyo naye anajua namba ya redio, na anajua kulia hewani.

Wa Dar, tahadhari yako naichukua. Kiongozi anayeulizwa juu ya kazi aliyolipwa na umma hahitaji kuombwa ruhusa ili swali liulizwe, na kanuni yoyote ianze kwa kusema hivyo. Ningependelea vituo vyenyewe viandike utaratibu huu na kuutangaza hewani kabla mtu mwingine hajawaandikia.

Ndugu wa aliyepigiwa, kipande cha dada yako bado kiko mtandaoni? Kama kipo na anataka kiondolewe, kiandikieni kituo kwa maandishi mkitaja tarehe ya kipindi. Kikikaa kimya, Ofisi ya Kamishna wa Data hupokea malalamiko ya namna hiyo.

Na wewe uliyefanya kazi studio, nina swali kwako: katika miaka yote hiyo, kuna wa pili aliyewahi kuulizwa kwanza, akakubali, na kipindi kikawa kibovu kwa sababu hiyo?