Naomba ushauri: masaji ya Kithai kwa mgongo wa mtu wa kukaa ofisini

Wakuu, naomba ushauri wa kupanga dakika 60 kwa mtu anayeshinda kitini. Wengi hukimbilia kiuno kwa kuwa ndiko kunakouma, kumbe kukaa sana hukaza misuli ya mbele ya nyonga, nayo huvuta kiuno. Kwa hiyo naona dakika 25 ziishie miguuni na kwenye nyonga: kiganja kwanza, gumba baadaye, sekunde 5 hivi kila mahali, mikono imenyooka, ukiegemea kwa uzito wa mwili. Ukisukuma kwa nguvu za gumba, litaanza kuuma kabla ya mteja kupona. Mgongoni, gumba lipite kandokando ya uti, kamwe si juu ya mfupa.

Ninapokwama ni kuzungusha kiuno, yaani goti linavushwa upande wa pili huku bega likibaki limegusa godoro. Mnakufanya kabla ya mabega au mwisho kabisa? Nauliza kwa sababu misuli ikivutwa kabla ya kupata joto huweza kujikaza zaidi. Na mwenye ganzi inayoshuka mguuni, mnamwelekeza kwa daktari kwanza, au mnamkanda mabega na shingo tu? Kumkanyaga mgongoni msinishauri.