Kuta tupu za chuo: wanafunzi waruhusiwe kuchora, au zibaki zilivyo?

Mwaka wa Tatu

Wakuu, salaam. Nasoma mwaka wa tatu katika chuo kimoja hapa Dar. Jina naliweka mfukoni kwa sababu cheti bado sijakipata. Kati ya madarasa na kantini yetu kuna ukuta mrefu uliopigwa plasta, kama mita 20 kwenda mbele na 3 kwenda juu. Zamani ulikuwa krimu. Leo una alama za soli za wanaoegemea, karatasi za "chumba kinapangishwa, luku inajitegemea", namba za wanaochapa ripoti za utafiti, na juu ya vyote hivyo maandishi mekundu ya ofisi: MARUFUKU KUBANDIKA MATANGAZO. Yamezungukwa na matangazo.

Tulikaa watu tisa tukaandika pendekezo la kuuchora. Tuliambatanisha mchoro mdogo wa mfano, hesabu ya rangi na majina yetu yote. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi ikasema hilo ni suala la majengo. Watu wa majengo wakasema ni suala la wanafunzi. Mwezi wa pili huu, na nilichoambulia ni maneno ya korido: eti chuo kitafanana na gereji, eti leo mnachora twiga kesho mtachora viongozi, eti rangi itachuja na nyie mtakuwa mmeshahitimu.

Hilo la mwisho ndilo lenye uzito, na tulishalijibu kwenye pendekezo. Tunaomba mchoro uishi miaka 3 tu, umri wa digrii moja. Ikitimia, unapakwa nyeupe na ukuta wanakabidhiwa wanaofuata. Ni zamu tu, kama bafu la hosteli.

Kinachonikera zaidi ni kwamba hii ndiyo nchi ya Edward Saidi Tingatinga. Mwaka 1968 alianza kuchora wanyama kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, na 1972 akafariki. Miaka minne tu, na mpaka leo kuna watu wanalisha familia kwa mtindo ule. Watalii wanabeba Tingatinga kwenda kwao, sisi tunabaki kutazama plasta. Nawasilisha.

Mpenda Chapati

Naunga mkono hoja. Ila msichore twiga. Nimechoka na twiga.

Fundi Rangi

Dogo, nimepaka kuta za mji huu tangu hujazaliwa, ngoja nikueleze kitu ambacho kamati haitakueleza. Adui wa mchoro wako ni maji. Kuta za pwani zinanyonya unyevu kutoka chini, na unyevu unakuja na chumvi. Kwanza utaona unga mweupe kama sukari, halafu rangi inavimba malengelenge, halafu inabanduka vipande vipande. Ukipaka rangi ya mafuta juu ya ukuta wa namna hiyo umeuziba pumzi, maji yatatafuta pa kutokea na yatatokea kwenye uso wa huyo shujaa wenu.

Hesabu ya rangi ni ndogo kuliko mnavyoogopa. Mita za mraba 60, lita moja inakwenda kama mita 10 kwa mkono mmoja wa rangi, kwa hiyo mikono miwili ni lita 12, na praima lita 6 hivi. Rangi ya chini haimalizi hata ndoo moja ya lita 20. Rangi za kuchorea ni kopo kopo. Pesa inaliwa na kukwangua, kuziba nyufa, skimu ya nje ya kulainisha ukuta, na posho ya kusubiri ukuta ukauke, ambayo hakuna anayetaka kuilipa kwa sababu fundi anaonekana amekaa tu.

Masika msiguse. Julai na Agosti ndiyo miezi yenu. Nyekundu kali na njano kali hufa kwanza juani, nyekundu ya udongo inakaa. Sentimita 30 za chini msichore kitu, pakeni rangi nzito tu, maana hapo ndipo tope la mvua na viatu vinapoishia.

Na kabla ya yote, chukua kipande cha nailoni, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, kikae usiku kucha. Kikitoa jasho upande wa ndani, hamna mchoro.

Mhitimu wa Zamani

Vijana mnaongea kana kwamba kuta za vyuo vya nchi hii hazijawahi kuandikwa. Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kulikuwa na Mzee Punch. Kwa wasiojua, kilikuwa kikundi cha siri cha wanafunzi kilichobandika ukutani michoro na maandishi ya kejeli. Wapo wanaokikumbuka kama utani wa kukosoa. Lakini kiligeukia wanafunzi wenzao, wasichana hasa, na aliyechorwa alikuwa hana pa kujibu kwa kuwa hakumjua aliyemchora. Februari 1990 mwanafunzi Levina Mukasa alijiua baada ya kuandamwa na watu wa Punch. Ndipo ikapigwa marufuku.

Sisemi msichore. Nasema msishangae mtu wa umri wangu akiuliza kwanza ni nani ameshika brashi.

Mwaka wa Tatu

Shikamoo mzee. Nimekusoma, na kwa kweli hapa ukutani kwetu hakuna aliyewahi kutusimulia hilo. Lakini Punch iliishi kwa kujificha. Sisi tumepeleka majina tisa na mchoro wenyewe kabla hata tone la rangi halijadondoka. Akitukanwa mtu, anajua aende chumba namba ngapi.

Binti wa Block C

Hayo majina tisa, wasichana wangapi?

Mwaka wa Tatu

Wawili.

Binti wa Block C

Na kwenye mchoro?

Mwaka wa Tatu

Mmoja. Ameshika kitabu.

Binti wa Block C

Na mgongoni?

Mwaka wa Tatu

Kuna mtoto. Sawa, nimeelewa.

Binti wa Block C

Hujaelewa bado. Wavulana kwenye mchoro wenu wanafanya nini? Nabashiri: mmoja ana kompyuta, mmoja ana darubini, mmoja ameinua ngumi. Mimi nasomea uhandisi wa umeme na sijawahi kubeba mtoto kwenda maabara. Huo ukuta nitaupita mara nne kwa siku kwa miaka mitatu. Anayesema "ni mchoro tu" aje apite yeye.

Jirani wa Nairobi

Huku kwetu tushapitia hayo maneno ya "kesho mtachora viongozi". Mwaka 2012 kikosi cha mwanaharakati Boniface Mwangi kilichora wanasiasa kama tai walao mizoga katikati ya jiji. Wengine walishangilia, wengine walikasirika, lakini hakuna aliyepita bila kuangalia. Miaka michache kabla ya hapo, vurugu zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, msanii anayeitwa Solo7 alizunguka mtaa wa Kibera na brashi akiandika maneno ya amani kwenye kuta na mabati. Hakusubiri kibali. Angepewa na nani wakati ule?

Mnayemsahau ninyi ni Elimo Njau. Mzaliwa wa Marangu, Mtanzania kabisa, na mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora ukutani mwa kanisa la Anglikana Murang'a maisha ya Yesu akiwa Mwafrika, kati ya vilima na watu wa Kikuyu. Hebu fikiria hiyo kamati ya kanisa ya enzi za mkoloni. Kama wao waliweza kukubali, ofisi ya mshauri wa wanafunzi inaogopa nini?

Mpemba wa Ilala

Assalam aleikum. Mimi ni mwanafunzi pia, na kwetu wapo wasiopenda sura za watu na wanyama, hasa pakiwa karibu na pa kuswalia. Kabla hamjaniita mshamba: mababu wa pwani hii walipamba kuta kuliko nyinyi. Nendeni Lamu muone zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za chokaa iliyochongwa. Na Kilwa, kwenye magofu ya Husuni Kubwa, mtu alikwaruza majahazi kwenye plasta akayaacha pale, na wataalamu wanakuja kuyasoma mpaka leo. Huyo naye sidhani kama aliomba ruhusa. Nakshi, vyombo vya bahari, maandishi, majani: ukuta wa mita 20 unajaa bila pua hata moja.

Mchora Vibao

Mimi naishi kwa kuchora saluni, maduka ya dawa na vibao vya bajaji. Swali langu ni moja: nani analipwa? Mmeweka hesabu ya rangi, hamkuweka hesabu ya mkono. Mtu atapanda ngazi siku kumi juani halafu apewe cheti cha ushiriki na soda. Nyie ni wanafunzi, mnaona raha. Ila ofisi ikishaonja kazi ya bure, ukuta wa kwanza mtachora mnachotaka, wa pili mtaambiwa mchore mkuu akikata utepe. Na mtaani mteja wangu ataniambia "mbona chuoni wamechora bure?"

Mwalimu wa Sanaa

Kuhusu rangi kuchuja: pale Mexico, maktaba kuu ya chuo kikuu cha taifa, UNAM, imefunikwa pande zote nne kwa michoro ya Juan O'Gorman ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, mita za mraba kama 4,000. Hakupaka rangi. Alitumia vipande vya mawe ambayo rangi yake ni ya asili, yakakusanywa sehemu mbalimbali za nchi. Jua limepiga miaka yote hiyo na mawe ni yale yale. Sisi tuna vigae vilivyovunjika kila saiti ya ujenzi, vinatupwa. Fikirieni.

Mwaka wa Tatu

Mwalimu, napenda, ila vigae vinaua hoja yetu. Kigae hakifutiki. Tukishakibandika tumewafungia mlango wanaokuja, halafu mtoto wa mgongoni atakaa pale miaka hamsini na Binti wa Block C atanitafuta.

Niko Ofisini

Nafanya kazi chuo kingine, kwenye ofisi kama hizo mnazozisema, kwa hiyo nipigeni mawe taratibu. Hiyo miaka 3 yenu ni nzuri kwenye karatasi. Mimi ndiye nitakayetumwa na ndoo ya rangi nyeupe siku ikitimia. Mtakuwa mmeshapiga picha za mahafali hapo, wazazi wamepiga, mchoro umeingia kwenye kalenda ya chuo. Halafu mtu mmoja aliyeko Mwanza ataandika kwamba chuo kinafuta historia.

Mfano upo. San Francisco kuna shule ya sekondari, George Washington, yenye michoro ya Victor Arnautoff ya 1936. Ndani yake kuna watumwa weusi, na Mmarekani wa asili aliyelala amekufa. Wanafunzi wengine walichoka kupita chini ya picha hiyo kila siku. Juni 2019 bodi ya elimu ikaamua ipakwe rangi. Kelele zilizotoka zikafanya Agosti mwaka huo huo bodi igeuze, isifutwe, ifunikwe tu, na bado watu wakaenda mahakamani. Kwa hiyo afisa anayewakatalia pengine hachukii sanaa. Anajua kukubali ni saini moja, na kufuta ni kesi.

Mwaka wa Tatu

Hii ndiyo hoja ya kwanza iliyonikalisha chini. Basi tarehe ya kufutwa iandikwe ukutani, ndani ya mchoro wenyewe, kona ya chini kulia, mwezi na mwaka, kwa herufi kubwa kama za MARUFUKU. Atakayepiga picha ya mahafali ataipiga na tarehe. Na sisi tisa tusaini kwamba hatutapinga. Mchora Vibao, kwenye hesabu mpya tunaweka malipo ya mtu mmoja wa kuongoza kazi, ukipenda uwe wewe. Mchoro wenyewe tunauanza upya, Binti wa Block C akikubali kukaa nasi. Mpemba pia.

Binti wa Block C

Nakaa. Siahidi kuwa mpole.

Mpenda Chapati

Na twiga?

Mwaka wa Tatu

Twiga ametoka. Wakuu, jana saa kumi na moja jioni nilibandika nailoni kama alivyosema Fundi, sehemu tatu. Mlinzi aliniuliza natangaza nini. Leo saa moja asubuhi: upande wa kushoto kavu, katikati kavu, upande wa kantini matone yamejaa ndani kama kioo cha daladala wakati wa mvua.

Fundi Rangi

Nyuma ya hapo kuna nini?

Mwaka wa Tatu

Sinki la kuoshea vyombo.

Fundi Rangi

Basi kuna bomba linavuja ndani ya ukuta, na halijaanza juzi. Hata mkipewa kibali kesho, upande huo msiguse mpaka litengenezwe na ukuta ukae wazi miezi miwili.

Niko Ofisini

Hilo bomba lipeleke kwa watu wa majengo kwa barua ya peke yake. Usitaje mchoro.